Brigedia Hartnoll na Neno "Rudia"

Mchungaji, ndugu zetu wa karibu na wa mbali, majirani wa Ashbeare, na ninyi waheshimiwa wa jeshi mliojaza viti vyote vya upande wa kulia mkatuacha sisi wenyeji tukibanana kushoto, poleni na karibuni. Mimi ni Hester Hartnoll, mdogo wake marehemu, mwalimu mkuu mstaafu, familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yangu, na yeye mwenyewe pia alinituma kabla hajafa, ila maagizo yake na ya familia hayakufanana sana, kama mtakavyosikia. Nitasoma kwa sauti kubwa kwa sababu najua nusu yenu mizinga imewala masikio.

Marehemu Brigedia Denzil Rowland Hartnoll alizaliwa siku ya Jumamosi, tarehe 14 Machi 1936, hapa hapa Ashbeare, Devon, katika nyumba ya mawe iliyo nyuma ya karakana, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa mzee Reginald Hartnoll, fundi wa matrekta na mashine za kuvunia, na mama yetu Bi. Olive, na akabatizwa katika kanisa hili Jumapili ya tarehe 19 Aprili mwaka huo huo. Mama ndiye aliyekuwa akiwafundisha watoto wa kijiji hiki katekisimu, na wapo humu wenye mvi wanaomkumbuka, hakuwa na fimbo, silaha yake ilikuwa neno moja tu, mtoto akikosea mstari aliambiwa "Rudia!", akikosea tena aliambiwa tena "Rudia!", na kwa kuwa kaka yangu alikuwa mzito wa kukariri, neno hilo alilisikia kuliko alivyolisikia jina lake.

Alisoma shule ya msingi ya kijiji kuanzia Septemba 1941 hadi Julai 1947, kisha akapata nafasi katika shule ya sekondari ya wavulana mjini, akawa anakwenda kwa baiskeli maili saba asubuhi na saba jioni, mvua inyeshe isinyeshe, hadi alipomaliza Julai 1954. Hesabu zilikuwa chakula chake. Akiwa na miaka kumi na mitatu aliupima mnara wa kanisa hili kwa kijiti na kivuli, akaenda kumwambia mchungaji wa wakati ule kwamba urefu ulioandikwa kwenye kibao cha mlangoni umezidi kwa futi mbili, mchungaji akapandisha watu na kamba, ikawa kweli, na baba akasema, "Huyu mtoto ama atakuwa mhandisi, ama kuna siku atapigwa." Kibao kikabadilishwa, na kwa wiki nzima Denzil hakukalika naye, alitembea kijijini kifua mbele kana kwamba mnara ule kaujenga yeye.

Septemba 1954 alijiunga na chuo cha maofisa cha Sandhurst, akahitimu tarehe 27 Julai 1956 kwa cheo cha luteni usu, akachagua mizinga, na alipoulizwa kwa nini asiende kwenye vifaru au kwenye askari wa miguu, alijibu kwamba mizinga ndiyo mahali pekee jeshini ambapo mtu akikosea hesabu anaonekana. Alihudumu Kupro kuanzia 1957 hadi 1959, akapandishwa kuwa luteni, akarudi Wiltshire kwa mafunzo, akawa kapteni mwaka 1962, akapelekwa Borneo mwaka 1965, ambako mzinga mmoja ulibebwa na helikopta ukawekwa juu ya kilima peke yake kama kuku aliyepotea, naye akaishi na mzinga wake huo na watu saba kwa miezi mitano, akala wali na samaki wa kopo mpaka akaapa hatagusa tena wali maisha yake yote, na kweli hakugusa. Kutoka 1967 hadi 1970 alikuwa Ujerumani. Hapo kwenye Ujerumani wekeni alama, nitapita sasa, kisha nitarudi.

Mwaka 1971 alipandishwa kuwa meja, mwaka 1972 alikuwa Belfast, ambako wapiga mizinga walinyang'anywa mizinga wakapewa bunduki watembee mitaani, jambo alilolichukia hadi kufa, na kutoka 1974 hadi 1977 alikuwa mkufunzi wa upigaji mizinga huko Larkhill, na humo ndimo jina lake lilipokua. Wapo hapa wanafunzi wake wasiopungua ishirini, naona mmeanza kutabasamu, maana mnajua ninakokwenda. Kwa ninyi majirani msiojua, kwenye redio ya wapiga mizinga kuna neno moja ambalo halisemwi ovyo, nalo ni "rudia", kwa sababu anayeelekeza mizinga kutoka mbele akisema "rudia", mizinga haimwelewi kwamba hakusikia, mizinga inaelewa kwamba anataka ipigwe tena, pale pale, kwa idadi ile ile. Ukiwa hukusikia unasema "sema tena". Basi. Mtoto wa darasa la katekisimu la mama angeweza kulijifunza hilo kwa dakika moja, lakini Meja Hartnoll aliligeuza kuwa dini, aliliandikia kijitabu chenye kurasa arobaini na moja, na katika bwalo la maofisa aliweka sheria kwamba anayelitamka neno lile mezani anatoka nje na kusimama uani mpaka chakula kitamu cha mwisho kiletwe.

Tuliache bwalo, hata nyumbani sheria ilikuwa hiyo hiyo. Mpwa wangu Philippa, akiwa na miaka sita, alisema, "Baba, rudia ile hadithi ya simba," akatolewa nje na kijiko mkononi, mama yake akafungua dirisha la jikoni akawa anamlisha mkate wa tangawizi kupitia hapo, na sisi sote tukacheka, tukasema jamani huyu mtu na jeshi lake. Hadithi hiyo imesimuliwa katika kila harusi na kila ubatizo wa familia hii, nami nimeisimulia zaidi ya wote. Leo siicheki.

Aliamuru rejimenti yake mwenyewe akiwa luteni kanali kuanzia Mei 1978 hadi Juni 1981, akawa kanali mwaka 1983, akapandishwa kuwa brigedia tarehe 1 Oktoba 1986, akawa na mizinga mingi kuliko aliyoweza kuitembelea kwa mwezi, akapewa nishani ambazo mnaziona pale juu ya mto wa bluu, na akastaafu tarehe 31 Machi 1991, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano, na sikio la kushoto likiwa limekufa kabisa.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga pingu za maisha na Bi. Moira Strachan, binti wa daktari wa Crieff, Perthshire, siku ya Jumamosi tarehe 6 Juni 1964, baada ya kukutana kwenye karamu moja ambapo Denzil alimweleza kwa saa nzima jinsi upepo unavyosukuma kombora kando, Moira akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Wewe unaongea hivi na wanawake wote, au ni bahati yangu tu?" Walijaliwa watoto wawili, Giles, aliyezaliwa tarehe 21 Februari 1966, ambaye leo ni luteni kanali mstaafu wa mizinga kama baba yake, na Philippa, aliyezaliwa tarehe 2 Desemba 1968, daktari wa mifugo, na wajukuu wanne. Wifi yangu Moira alitutoka tarehe 30 Agosti 2012, alikuwa mwanamke mwenye akili kuliko sisi sote, na nina hakika alikuwa na fununu, ila hakuwa mtu wa kuuliza jambo ambalo mumewe hakulileta mezani mwenyewe.

Sasa Ujerumani.

Historia ya kaka yangu iliyochapishwa wiki iliyopita kwenye gazeti la chama chenu cha maofisa inasema hivi, "1967 hadi 1970, Ujerumani," kisha inaruka. Mwanawe Giles aliniomba nami niruke. Ilikuwa Jumanne, jikoni kwangu, akasimama pale mbele ya jiko akiwa hajavua koti, akasema, "Shangazi, watakuja majenerali wanne, hapo si mahali pake," nikamwambia, "Giles, kwa sababu watakuja majenerali wanne, hapo ndipo mahali pake," akasema, "Utamvua nguo baba mbele ya watu," nami nikamjibu kwamba baba yake amejivua mwenyewe, mimi ninashika tu koti. Aliondoka bila kunywa chai. Giles, najua umekasirika, na mimi pia nimekasirika, ila mimi nimemkasirikia yule aliye kwenye sanduku.

Maana mnamo tarehe 12 Januari mwaka huu kaka yangu alinipa bahasha, akiwa kitandani, mikono imebaki mifupa, akasema, "Utaisoma kanisani, yote, usiruke hata mstari." Nikamuuliza kwa nini mimi na si mwanawe, akasema, "Kwa sababu wewe huogopi watu." Nikamwambia, "Na wewe, na manishani yako yote yale?" Akageukia ukutani, akasema, "Mimi naogopa, Hester." Naomba mtulie sasa. Hili ni andiko lake, neno kwa neno.

"Mimi, Denzil Rowland Hartnoll, siku ya Alhamisi tarehe 9 Oktoba 1969, nikiwa kapteni, nilikuwa katika kituo cha kuangalizia kwenye uwanja wa mazoezi kaskazini mwa Ujerumani, nikiielekeza kombania ya mizinga sita. Saa nane na robo mchana nilipigiwa simu kwamba gari la wahudumu wa uwanja lilitaka kuingia kwenye shabaha kuvuta kifaru chakavu, nikasimamisha mizinga, nikawaruhusu waingie. Mizinga ilibaki imeelekezwa pale pale. Kwenye redio ya upande wa mizinga alikuwa Sajenti Clifford Entwistle, mtu mwenye masikio bora kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi. Saa nane na dakika ishirini aliniita kuuliza habari ya makombora yaliyobaki, redio ikakwaruza, sikumsikia. Nilikuwa macho tangu saa kumi ya alfajiri, chakula hakikuwa kimeletwa, nilikuwa na hasira, nikafungua kinywa, ikatoka sauti ya mama yangu. Nilisema, Rudia.

"Nililisikia neno likitoka. Sitaki mtu yeyote afikiri kwamba sikulisikia. Sajenti Entwistle aliliandika kwenye daftari lake, akalitamka kwa sauti kama ilivyompasa, na mizinga sita ikapiga. Kutoka pale hadi kwenye shabaha kombora linakwenda kwa sekunde ishirini na mbili. Nilipiga kelele kwenye redio sekunde zote hizo. Dereva Leslie Pugh, mwenye umri wa miaka ishirini na minne, alikatika mguu wa kulia.

"Siku ya nne lilikaa baraza la uchunguzi. Sajenti Entwistle alionyesha daftari lake, akasema alisikia rudia. Mimi niliapa kwamba nilisema, sema tena. Hapakuwa na shahidi mwingine wa sauti yangu. Niliaminiwa kwa sababu nilikuwa ofisa, na kwa sababu hakuna aliyeweza kufikiri kwamba ofisa wa mizinga angeweza kulisema neno lile kwa bahati mbaya. Sajenti Entwistle alivuliwa cheo akawa bombadia. Nilimpa mkono siku alipoondoka. Nilifikiri nitalisema baada ya kuwa meja. Kisha nilifikiri nitalisema baada ya kustaafu. Alisikia sawasawa. Mimi ndiye niliyesema uongo."

Huo ndio mwisho wa andiko, na sahihi yake iko chini, na mchungaji ameiona.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi, sijui ni nani aliyeipima, maana hii ya kaka yangu ilikwenda karibu miaka hamsini, ikapitia Belfast, Larkhill, na kwenye nishani zile, na kila aliyeulizwa kuhusu Meja Hartnoll na neno lake alisema ni mtu makini ajabu. Kumbe umakini ule wote ulikuwa mtu anayefunga mlango wa banda wakati farasi amekwisha kutoka, na funguo anazo yeye. Na wale vijana aliowasimamisha uani kwenye baridi, na Philippa na kijiko chake, walikuwa wakitumikia adhabu ya mtu mwingine.

Sasa nieleze ya Bombadia Entwistle, kwa kuwa hiyo nayo ni sehemu ya maisha ya marehemu, apende asipende. Bombadia, kwa majirani wasiojua, kwa wapiga mizinga ndiye koplo. Aliondoka jeshini Machi 1971, akarudi kwao Rochdale, Lancashire, akaendesha basi la abiria kwa miaka ishirini na saba bila kugonga hata paka, na kila Krismasi alimwandikia Leslie Pugh kadi, kadi thelathini na tatu, asijibiwe hata moja, na Pugh akafariki mwaka 2003 akiamini kwamba mguu wake aliukata Entwistle. Hilo halirekebishiki. Nimekaa nalo usiku na mchana tangu Januari, nikitafuta namna ya kulisema likawa na afueni, sijaipata.

Tarehe 22 Novemba 2017 kaka yangu aliniambia nimsindikize Rochdale, akasema kuna rafiki wa zamani, na kwa kuwa alikuwa hasikii matangazo ya treni nilikwenda, sikujua lolote. Alitufungulia mlango mzee mwembamba mwenye ndara za sufu, akamtazama kaka yangu kuanzia kofia hadi viatu, akasema, "Umechelewa, afande. Miaka arobaini na nane." Denzil, akiwa amemgeuzia lile sikio bovu, akainama akasema, "Samahani, sema tena?" Jamani, yule mzee alicheka! Alishika fremu ya mlango, akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Aa! Kumbe unalijua! Ulishindwa nini siku ile?" Kaka yangu akaanza kulia pale barazani, mtaa mzima unaona, mtu ambaye hakulia kwenye maziko ya mama wala ya mkewe, na mimi nimesimama na keki mkononi sielewi hata moja.

Tukaingizwa ndani, tukapewa chai na biskuti, wakazungumza wawili hao saa mbili, ndipo nikajua. Denzil alitaka kuandika barua wizarani, Entwistle akakataa, akasema, "Barua hukaa kwenye droo, afande, mimi nina themanini na mbili, sina muda wa droo. Kavunjwa nani? Mimi. Mbele ya nani? Mbele ya kombania nzima. Basi lisemwe mbele ya watu, nikiwa nimekaa pale nawatazama nyuso, sitaki kingine." Kaka yangu akampa mkono, akaahidi kwamba atalisema kwenye karamu ya mwaka ya kombania, Juni itakayofuata.

Karamu ilikuwa Jumamosi, tarehe 16 Juni 2018. Entwistle hakuwahi kualikwa tangu 1971, safari hii alialikwa, akanunua tai mpya, akapangiwa meza ya karibu na mlango, na Giles, aliyekuwepo, ndiye aliyenisimulia, akiwa hajui maana yake. Baba yake alisimama, karatasi ikiwa mkononi, akasifu nyama, akasifu hali ya hewa, akamwombea Malkia afya, akakaa. Yule mzee wa mlangoni akakunja kitambaa chake vizuri, akakiweka kando ya sahani, akaondoka. Nilimpigia kaka yangu simu kesho yake, nikamwita majina ambayo siwezi kuyasema madhabahuni, naye hakujitetea, alisema tu, "Walikuwa wananitazama vizuri mno, Hester." Huyo ndiye alikuwa kaka yangu, makombora hayakumtisha, aibu ndiyo iliyomtisha, na nilimpenda, na bado nampenda, na kuna siku nikimfikiria yule mzee akikunja kitambaa namchukia kabisa.

Marehemu alianza kuugua Agosti 2018, akipungua uzito na kukosa hamu ya kula, na tarehe 11 Septemba madaktari wakagundua saratani ya kongosho, akapewa matibabu hadi Desemba, mwili ukakataa, akaomba arudishwe nyumbani, akauguzwa na Philippa na mimi kwa zamu, hadi Jumapili ya tarehe 3 Februari 2019, saa kumi na moja kasorobo jioni, alipokata roho, akiwa ameishi miaka themanini na miwili, miezi kumi na siku ishirini.

Kwa niaba ya familia natoa shukrani kwa madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa yule muuguzi wa wilaya aliyekuja kila siku hata theluji ilipofunga barabara, kwa majirani wa Ashbeare kwa supu, kuni na kunyamaza mlipotakiwa kunyamaza, kwa akina mama wa kanisa walioandaa sandwichi zitakazoliwa ukumbini baada ya hapa, na kwa ninyi wenzake wa jeshi mliosafiri kutoka mbali kuja kumsindikiza. Katibu wa chama cha maofisa, nakuona, nguzo hiyo haikufichi, nakala ya andiko hili nimeiweka kwenye kofia yako pale mlangoni, toleo lijalo la gazeti lina nafasi ya kutosha.

Kwa Giles pia natoa shukrani, kwa sababu jana jioni, bila kuniambia, alipiga simu Rochdale, na leo asubuhi ndiye aliyekwenda stesheni, akamshika mgeni wetu mkono, akamleta hadi kiti cha mbele cha familia, akakaa kando yake, na wako pale mpaka sasa hivi.

Na wewe, mzee wangu wa kiti cha mbele, nilikuandikia kwamba nitalisoma, ukanijibu kwa simu kwamba uliwahi kuahidiwa hivyo na Hartnoll mwingine, lakini umekuja, na tai ni ile ile. Sina mamlaka ya jeshi, nilikuwa mwalimu tu, ila kwa miaka arobaini nimewarudishia watoto majina yao kila walipoandikwa makosa ya wenzao, na ninajua jinsi inavyofanywa, inafanywa kwa kulitaja jina, kwa sauti, darasa zima likisikia. Sajenti Clifford Entwistle. Tazama nyuso zao kadiri utakavyo, Sajenti, hatuna haraka, tutakusubiri.

Limesemwa, Denzil, mbele ya watu, naye yupo, ingawa hukulisema wewe. Pumzika hivyo hivyo.